Hekalu la Meenakshi, Madurai: mwongoza watalii aliyetukatia hadithi

Naandika hasira zikiwa bado moto. Ukienda Madurai, kusini mwa India, kulitazama hekalu la mungu wa kike Meenakshi, usimkubali mwongoza watalii anayekudaka nje ya lango. Sisi wa Unguja papasi tunawajua, tumekua nao, lakini huyu alikuwa papasi mwenye shati lililopigwa pasi na kitambulisho kifuani.

Nilikuwa nimempeleka shangazi Chennai kutibiwa magoti, na wakati tunasubiri majibu tukapanda treni kwenda kusini. Yule bwana alianza vizuri, sitamdhulumu. Alitukalisha penye nguzo za mawe, akatuhadithia: mfalme Malayadhwaja wa ukoo wa kifalme wa Pandya hakuwa na mtoto, akafanya ibada ya moto, na motoni akatokea binti wa miaka mitatu mwenye matiti matatu. Mfalme akaingia hofu. Ikasikika sauti ikimwambia amlee kama mtoto wa kiume, na titi la tatu litatoweka siku ile ambayo... Hapo akatazama saa. "Mengine baadaye. Sasa twendeni juu ya paa mkapige picha, bure kabisa."

Jamani! Kwetu ukishasema paukwa na watu wakaitika pakawa, huwaachi njiani. Shangazi alibaki mdomo wazi.

Paa lenyewe lilikuwa la duka. Simu zimepigwa marufuku hekaluni tangu moto wa mwaka 2018, kwa hiyo mgeni mwenye hamu ya picha ni windo rahisi. Minara inaonekana kweli, imejaa masanamu ya rangi mpaka kileleni. Ila ukishuka tu, chai imeshamiminwa, mashali yametandazwa, na kila mtu anakwambia kuangalia si kununua. Mgonjwa wa magoti amepandishwa ngazi zote zile ili auziwe shali! Tulipojinasua na kurudi, hekalu limefungwa mpaka saa kumi jioni. Naye alijua, maana hufungwa kila siku mchana. Kisha akanyoosha mkono kudai bakhshishi.

"Huyu katuuza, mwanangu," shangazi akasema.

Sasa hapa ndipo ninapoanza kuyumba. Jioni tuliingia wenyewe, tukakaa kwenye ngazi za bwawa la yungiyungi la dhahabu. Pembeni yetu alikuwepo bibi mmoja, mwalimu mstaafu, na wajukuu zake. Shangazi kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akamuuliza bila salamu ndefu: lile titi liliishia wapi? Bibi alicheka mpaka watu wakageuka. Akatupa hadithi yote. Meenakshi alirithi kiti, akapigana na kushinda kila pande, mpaka akafika mlima Kailasa, makao ya mungu Shiva, akakutana naye uso kwa uso. Titi likatoweka palepale. Wakaja kuoana Madurai, na mungu Vishnu ndiye aliyemwozesha. Ndiyo maana hapa waumini huanza kwa mke, halafu ndiyo waende kwa mume. Shangazi alilipenda hilo kuliko minara yote kumi na minne.

Na bwawa je? Zamani, wanasema, washairi wa Kitamil waliyatia humo maandishi yao: zuri likaelea, baya likazama. Nikaikumbuka kadi ya biashara aliyonipa yule bwana.

Bibi akaongeza jambo ambalo hakuna papasi angelitaja: mpaka Julai 1939, Wahindu wa matabaka yaliyodharauliwa walikuwa hawaruhusiwi kuingia hekaluni humu. Gandhi naye aligoma kuingia kwa sababu yao, akaja kuingia 1946. Sisi tusio Wahindu tulizuiwa mlangoni mwa chumba cha ndani kabisa. Sina ugomvi na hilo, hata Makka si kila mtu anaingia.

Kwa hiyo nyota ngapi? Mchana ule langoni ningetoa sifuri na kuwaambia msiende kabisa. Lakini usiku tuliona Shiva akibebwa kwenye machela, ngoma na tarumbeta zikilia, akipelekwa chumbani kwa mkewe, na hufanywa hivyo kila usiku. Basi hekalu nalipatia nyota tano, mwongozaji hapati hata nusu. Au niseme nne, kwa kuwa yule mtu huwezi kumkwepa, yuko pale langoni kila siku. Shangazi naye amekata shauri: lazima turudi mwezi wa Chithirai, Aprili hivi, kwenye sherehe ya harusi yao. Nimemwambia nauli akaombe kule duka la mashali.