Matairi ya spoti yenye thamani ya hela yako: yapi kwanza, yapi mwisho

Kwa gari la kawaida linaloendeshwa kila siku na mtu anayependa kona, nunua tairi la spoti la majira ya joto kutoka kwa watengenezaji wa daraja la pili, katika saizi ileile iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na lisiwe limelala ghalani zaidi ya mwaka mmoja. Hilo ndilo jibu letu. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na hali chache zinazolibadilisha.

Tairi la spoti ni lile lenye mpira laini uliochanganywa na silika nyingi, ubavu mgumu usiolala gari likikata kona, na kashata (vipande vya mpira vinavyogusa lami) zenye mabega mapana upande wa nje. Kwenye lami kavu, tairi la bei juu na la bei ya kati hukaribiana mpaka uende uwanja wa mashindano ndipo uone nani ni nani. Kwenye lami iliyolowa hali ni nyingine: pale ndipo mita kadhaa za breki hupotea. Kwa hiyo tunapopanga matairi haya, tunaanza na mvua, kisha kilomita, kisha bei. Kelele na ulaini wa safari vinakuja baadaye.

Soma ubavu kabla ya kutaja bei

Chukua tairi lililoandikwa 225/45R17 94W XL. Upana wake ni milimita 225. Kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani kama milimita 101. Rimu ni inchi 17. Namba 94 ina maana tairi moja linabeba kilo 670. 91 ni kilo 615. Herufi W ni mwendo wa hadi km 270 kwa saa, V ni 240, Y ni 300. Hutaendesha kwa mwendo huo, lakini herufi hiyo inakuambia pia jinsi tairi linavyovumilia joto. XL ni tairi lililoimarishwa kubeba zaidi kwa upepo mwingi zaidi. Gari lililotoka kiwandani na XL lisivishwe la kawaida, hata kama saizi zinafanana.

Kisha tafuta neno DOT. Namba nne za mwisho ni wiki na mwaka: 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Mara nyingi namba hizo ziko upande mmoja tu, na fundi asiyejali anaweza kuzielekeza ndani ambako hutaziona tena. Zisome tairi likiwa bado chini, yote manne, moja moja. Kukuta seti yenye matairi matatu ya mwaka huu na moja la miaka mitano si jambo geni.

Namba ya treadwear ndiyo inayodanganya wengi. Ni kipimo cha Marekani cha jinsi tairi linavyoisha likilinganishwa na tairi la mfano lenye 100, lakini namba ya mwisho huwekwa na mtengenezaji mwenyewe. Kwa hiyo 340 ya kampuni moja si lazima idumu kuliko 300 ya nyingine. Itumie kulinganisha matairi ya kampuni hiyohiyo, au kutambua aina: karibu na 200 ni mpira wa mashindano, kati ya 280 na 360 ni spoti halisi ya barabarani, na 500 kwenda juu ni la misimu yote. Pembeni yake kuna alama ya kushika lami iliyolowa, AA ikiwa ndiyo ya juu. Ukiona B kwenye tairi linalouzwa kama la spoti, liache.

Lebo ya Umoja wa Ulaya ni rahisi zaidi kwa mnunuzi. Tangu Mei 2021 ina herufi A hadi E kwa breki kwenye maji na A hadi E kwa matumizi ya mafuta. Kwa tairi la spoti, dai A kwenye maji. Ikiwa C kwenye mafuta, hilo ni jambo la kuvumilia.

Nafasi ya kwanza: spoti ya majira ya joto, daraja la pili

Hapa wamo Hankook Ventus S1 evo3, Kumho Ecsta PS71, Falken Azenis FK520, Toyo Proxes Sport, Firestone Firehawk Indy 500 na General G-Max RS. Daraja la pili halina maana ya teknolojia duni. Firestone iko chini ya Bridgestone, General iko chini ya Continental, Falken ni ya Sumitomo, na Hankook ilianza kutoa matairi ya Formula E, mashindano ya magari ya umeme, msimu wa 2022–23. Unachopunguza ni gharama ya jina na ile hatua ya mwisho ya ushikaji ambayo dereva wa kawaida haifikii.

Kasoro zake uzijue. Usukani huwa si mkali sana katikati, kwa sababu ubavu wa baadhi yao ni laini kidogo. Na likikaribia kuisha, mengi yao hupoteza uwezo wa maji haraka kuliko yale ya daraja la kwanza. Ukinunua kundi hili, panga kuyabadilisha kashata zikifika milimita 3, usisubiri 1.6 ambayo sheria za nchi nyingi huruhusu. Tairi jipya lina kama milimita 8. Chini ya 3, mifereji haiwezi tena kumeza maji yote, na gari huanza kuelea kwa mwendo ambao zamani lilipita bila wasiwasi.

Nafasi ya pili: daraja la kwanza

Michelin Pilot Sport 4S, Goodyear Eagle F1 Asymmetric 6, Continental SportContact 7, Bridgestone Potenza Sport. Haya ni bora, hakuna ubishi. Yamewekwa ya pili kwa sababu swali letu ni thamani. Lakini yanapanda hadi nafasi ya kwanza katika hali tatu: gari lina nguvu nyingi zinazokwenda magurudumu mawili ya nyuma, gari ni zito, au unaendesha mvuani kwa mwendo wa barabara kuu karibu kila wiki. Hapo nyongeza ya bei ni halali kabisa.

Piga hesabu badala ya kukisia. Tuseme tairi la daraja la kwanza lina bei ya 100 na linakwenda km 45,000: kila km 1,000 inakula 2.2. La daraja la pili la 78 likienda km 38,000, inakula 2.05. La bei chee la 60 likiisha km 22,000, inakula 2.7, na bado hujahesabu kulipia mara mbili kuvisha, balansi na valvu mpya. Weka bei zako halisi na kilomita ambazo seti iliyopita ilikwenda kwenye gari lako. Matokeo mara nyingi yanashangaza.

Nafasi ya tatu: spoti ya misimu yote

Continental ExtremeContact DWS 06 Plus na Michelin Pilot Sport All Season 4 ndiyo yanayojulikana zaidi. Yanafaa pale halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 kwa miezi kadhaa, kwani mpira wa majira ya joto hukakamaa hapo na kuteleza hata lami ikiwa kavu. Hudumu zaidi pia. Lile la Continental lina herufi D, W na S zilizochorwa kwenye kashata: S ikifutika, uwezo wa theluji umekwisha, W ikifutika, maji, ikibaki D peke yake, tairi ni la lami kavu tu. Ni wazo zuri sana, tungependa watengenezaji wote waliige. Lakini ukiishi kwenye joto mwaka mzima, unalipia theluji ambayo huioni, na kona zinakuwa za uvivu.

Nafasi ya nne: matairi ya treadwear 200

Bridgestone Potenza RE-71RS, Yokohama Advan Neova AD09, Hankook Ventus R-S4. Uwanjani ni raha tupu. Barabarani hayapati joto yanalolihitaji, mifereji yake michache haipendi maji yaliyotuama, na huisha upesi. Anayehudhuria siku za uwanjani mara kwa mara anunue seti ya pili ya rimu, ayavishe huko, na gari lirudi nyumbani na matairi mengine.

Nafasi ya mwisho ni tairi la jina lisilojulikana lenye sura ya spoti: mchoro wa mshale, ubavu mwembamba, herufi W, na lebo ya maji ya D. Mchoro haukamati lami, mpira ndio unaokamata. Yaliyotumika tunayaacha nje ya orodha, kwa sababu huwezi kuona kiraka wala nyuzi zilizokatika ndani likiwa limevishwa.

Rimu ndogo, tairi bora

Huu ndio ushauri unaookoa hela nyingi kuliko wote, na ndio wauzaji wasioupenda. Ukishuka inchi moja ya rimu, bajeti ileile hukupeleka daraja la juu zaidi la tairi. Kipenyo cha jumla kibaki kilekile, ndani ya asilimia 3. Hesabu: zidisha kimo cha ubavu kwa 2, ongeza rimu kwa milimita (inchi moja ni 25.4). 225/40R18 inatoa 637. 225/45R17 inatoa 634. 205/55R16 inatoa 632. Spidomita haitasumbuka. Kitu cha kuhakikisha ni kwamba rimu ndogo inapita kwenye kalipa za breki (sehemu inayobana diski) bila kugusa. Zungusha gurudumu kwa mkono likiwa kwenye jeki kabla ya kununua seti nzima.

Upande wa pili, 225/35R19 ina ubavu wa milimita 79 tu. Shimo moja lenye kingo kali hubana ubavu kati ya rimu na lami, nyuzi zinakatika ndani, na baada ya siku chache unaona nundu ya ukubwa wa nusu yai. Nundu hiyo haitengenezwi. Tairi limekufa, na mara nyingi rimu imepinda pia.

Siku ya kuvisha

Ukinunua mawili tu, mapya yaende nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele. Mbele ikiteleza unaihisi kwenye usukani na unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza kwenye maji, gari linazunguka kabla hujajua. Gari linalovuta magurudumu yote manne ni kesi nyingine: tofauti ya milimita 2 za kashata ni zaidi ya milimita 12 za mzunguko, na difu (gia inayogawa mwendo kati ya magurudumu) au kiunganishi cha katikati hufanya kazi muda wote kufidia tofauti hiyo mpaka kinaungua. Angalia kitabu cha gari kinaruhusu kiasi gani. Mara nyingi jibu ni kubadilisha manne.

Tairi lenye mshale lizunguke uelekeo wa mshale. Lenye neno OUTSIDE, neno hilo lionekane ukisimama nje. Makosa haya hutokea hata kwa mafundi wazuri siku ya foleni, kwa hiyo zunguka gari mwenyewe kabla ya kulipa. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyo kwenye kitabu, na zikaguliwe tena baada ya km 50 hadi 100.

Alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, ifanyike siku hiyohiyo. Tairi laini linaloburutwa kwa pembe mbaya huliwa ukingo wa ndani ambako macho hayafiki. Pitisha kiganja kutoka nje kwenda ndani kila mwezi, na ukihisi meno kama ya msumeno, rudi kwa fundi. Kama bushi au bolijointi (viungo vinavyoshikilia magurudumu) zimelegea, vipimo havitashika hata ulipie mara tatu, kwa hiyo hizo zianze.

Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa namba za mlangoni, si ile iliyo kwenye ubavu, ambayo ni kikomo. Kila nyuzi 10 za joto hubadilisha kama bar 0.1. Katikati pakiisha kwanza, upepo ulizidi. Mabega yakiisha kwanza, ulipungua. Naitrojeni usiilipie: hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Na kilomita 300 za mwanzo endesha kwa upole, kwa sababu tairi jipya linatoka kiwandani na utando wa kulainishia kalibu, na mpaka utando huo uishe linateleza kuliko utakavyolizoea.