Mashine ya Kichina ya kupulizia mikorosho, baada ya misimu miwili

Mashine hii ya kupulizia salfa, ya kubeba mgongoni na yenye tangi la lita 14, niliinunua katika duka moja la pembejeo mjini Nachingwea mara tu baada ya mnada wa ufuta. Nautaja ufuta kwa makusudi, kwa kuwa China ndiyo mnunuzi mkubwa wa ufuta wa Tanzania, na hivyo fedha iliyofuata mazao yetu ya Lindi ilikaa mfukoni mwangu siku nne tu kabla ya kurudi ilikotoka.

Watu wakizungumzia nguvu ya China huku Kusini hutaja bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam, lililojengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China na kuzinduliwa mwaka 2015. Bomba hilo limefukiwa ardhini. Nguvu ninayoijua mimi ni hii inayoninguruma mgongoni. Enzi za baba, mashine ilikuwa ya Kijapani, imara lakini ghali, ikitumiwa na kaya tano kwa zamu, na aliyekuwa wa mwisho aliufikia mkorosho wake ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaozuiwa kwa salfa, ukiwa umekwisha kukausha maua. Leo kila mmoja wetu ana yake.

Kwa kazi yenyewe sina lawama. Ukipuliza alfajiri, umande ukiwa bado majanini, unga wa salfa hupanda hadi kileleni na kushika vizuri.

Kasoro ilijitokeza wiki ya tatu, maua yakiwa yamechanua, kamba ya kuwashia ilipokatika. Muuzaji, ambaye siku ya kununua alinivutia kiti na kuniita "mzee wangu", safari hii alinijibu akiwa amesimama mlangoni kwamba waranti ni suala la kiwanda, kana kwamba kiwanda kipo Ruangwa. Kijitabu cha maelekezo kina Kichina na Kiingereza, bila neno hata moja la Kiswahili. Aliyeniokoa ni fundi wa pikipiki, aliyefunga kamba ya manila ambayo inavuta mpaka leo.

Msimu ujao nitanunua nyingine ya aina hiyohiyo, lakini kwenye duka litakalonionyesha kwanza kamba na kabureta za akiba zikiwa rafuni.