Pipa la mboji kwa bei nafuu: chungulia kitako kwanza

Mwaka jana nililipa shilingi 4,800 kwa pipa la kijani la lita 50, lenye mfuniko wa kukaza na kibomba cha kutolea maji. Wiki ya tatu nyumba nzima ikanuka mayai viza. Nilipolibinua uani, maganda ya ndizi, machicha ya nazi na vikonyo vya sukuma wiki vilikuwa vinaelea kwenye uji mweusi. Kibomba chenyewe kilitobolewa vidole viwili juu ya kitako, na ndani hakina chujio. Nyuzi za kokwa la embe zilikuwa zimekiziba.

Kwa hivyo rangi na umbo sina habari navyo. Mimi natazama kitako. Taka za jikoni zetu hapa Mombasa sehemu kubwa ni maji, na yasipopata pa kutokea, hewa huisha, vijidudu visivyohitaji hewa vikashika kazi, na ndivyo vinavyoleta uvundo. Ukifika dukani omba kikombe cha maji, mimina ndani ya pipa. Yakibaki yametuama, lirudishe mahali pake.

1. Ndoo mbili za Kenpoly za lita 20. Hizi ndizo zangu na sifichi. Ni nene, msumari uliopashwa moto unapenya bila kuacha ufa. Toboa kitako cha ndoo moja matundu 15 hivi, na mengine ubavuni chini ya ukingo. Ipachike ndani ya ya pili, katikati weka kipande cha tofali ili maji yapate nafasi ya kukusanyika. Chini tandika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, unene wa vidole vinne. Kila bakuli moja la taka mbichi lifunikwe na mawili ya majani makavu au maranda kutoka kwa seremala. Ukiukamua mchanganyiko huo mkononi ukatoa tone moja au mawili, umekaa sawa. Ukichuruzika, ongeza maranda. Ndoo haipati joto kama lundo la mita 1 kila upande, basi hesabu miezi 4 hadi 6 mpaka mboji iive. Maji ya ndoo ya chini mwaga kila wiki.

2. Pipa la lita 200 lililokuwa na juisi au mafuta ya kula, kwa mwenye uwanja. Mwambie fundi akate kitako chote, ulisimamishe juu ya udongo, na chini utandike wavu wa chuma wa matundu madogo kuzuia panya. Minyoo itapanda yenyewe. Linuse kabla ya kulipa: likitoa harufu ya dawa ya wadudu, usilichukue hata kwa bure.

3. Mapipa ya kibomba, kama langu. Nunua tu ikiwa kibomba kimekaa chini kabisa na chujio linatoka likaoshwa.

4. Gunia au ndoo kuukuu ya rangi. Gunia hutafunwa na panya, na ndoo ya rangi ni kazi ya kusugua.

Tangu sheria ya taka ya 2022 itutake tutenganishe taka zinazooza na zisizooza, naona wauzaji wanabandika picha ya jani kwenye pipa lolote na kupandisha bei. Yule wangu nilimtumia picha ya ule uji, akanijibu, "Dada, unaweka taka zenye maji." Sasa ni jiko gani lenye taka kavu? Baada ya hapo hakupokea simu yangu tena.

Na mifuniko! Jumamosi iliyopita sokoni Kongowea nimetajiwa ndoo moja kwa shilingi 450. Nimeshatoa pesa, ndipo naambiwa mfuniko ni 120 mbali. Ndoo ya mboji isiyo na mfuniko hujaa funza ndani ya siku chache, na muuzaji anajua huna budi kuuchukua. Uliza bei ya vyote viwili kwa pamoja, kabla hujaonyesha kuwa umeipenda.