Kozi ya baruti hapo Mombasa Road: mashine safi, mwalimu safi, mbwa hakuja

Niseme mapema hii pesa haikutoka kwa mfuko wangu. Mdosi ndiye alilipa, elfu sita na mia tano kila mtu, tukiwa watu watano kutoka godauni yetu ya mizigo karibu na eapoti, kwa hivyo mkiona nimekuwa mpole kwa mambo ya bei mjue ni hiyo. Lakini Jumamosi ilikuwa yangu, hiyo hakuna mtu alinilipa.

Notisi ilisema "Propelanti za besi mbili: usalama, utendaji na ugunduzi". Jamaa wetu wa foklifti aliisoma akauliza kama tunaenda kufundishwa kufunga spika za matatu, tukamcheka, halafu tukagundua hakuna hata mmoja wetu mwenye jibu.

Mwalimu ni mzee mstaafu wa jeshi, kila mtu alimwita Afande tu. Alianza bila kupiga siasa. Besi ya kwanza ni nitroselulosi, hiyo asili yake ni pamba au mbao iliyopitishwa kiwandani, ya pili ni nitroglisirini, ile ile ya kwenye baruti za zamani za mawe. Zikichanganywa hazibaki unga na maji vile mtu angedhani, zinakuwa kitu kama plastiki, na hiyo ndiyo propelanti, baruti ya kusukuma, inakaa ndani ya risasi nyingi, makombora ya mota na roketi ndogo. Alfred Nobel alichukua hati ya uvumbuzi ya aina yake 1887, Waingereza wakaja na yao, inaitwa kordaiti, 1889, na kutoka hapo ule moshi mzito wa baruti ya zamani ukaanza kupotea kwa uwanja wa vita.

Sasa kwa utendaji nilidhani nitalala. Wapi. Afande alitoa kwa begi pakiti ya spageti na pakiti ya makaroni (hakuchoma chochote, na nashukuru kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele), akavunja spageti moja akatuuliza, hii ikiungua kutoka nje, sehemu inayoungua inaongezeka ama inapungua? Inapungua, si inakonda. Haya, makaroni je, yenye shimo katikati? Nje inakonda lakini shimo nalo linapanuka, kwa hivyo moto unabaki karibu kiwango kile kile mpaka mwisho. Basi ni hivyo tu, umbo la chembe ndilo linaamua gesi itatoka kwa pupa ama kwa mpango. Nimefanya kazi na mizigo miaka tisa na sijawahi elezwa kitu kwa makaroni nikaelewa hivyo. Akaongeza kwamba besi mbili ina nguvu kushinda besi moja (nitroselulosi bila nitroglisirini) lakini inaungua na joto kali zaidi, inakula mtutu wa bunduki, ndio maana Waingereza wenyewe baadaye walipunguza nitroglisirini kwa kordaiti yao.

Halafu projekta ikazima. Nusu saa nzima kijana anashika waya hii anashika ile, mwishowe Afande akasema achana nayo, akachora kwa ubao, na kusema ukweli ubao ulikuwa bora.

Kwa sababu hapo ndipo alitupeleka kwa kitu sikutarajia. Hii kozi imetangazwa kama ya kugundua vitu vibaya kwa mizigo, lakini sehemu iliyonishika ni ya kuzeeka. Hizi propelanti zinaoza polepole zikiwa zimekaa tu kwa stoo, hakuna mtu amezigusa. Zikioza zinatoa gesi za oksidi za nitrojeni na hizo gesi ndizo zinafanya zingine zioze haraka. Afande alisema ni kama dudu kwa gunia la mahindi, wa kwanza hajakula kitu, shida ni ukoo wake. Kwa hivyo kiwandani wanatia stebilaiza, kemikali ya kudaka zile gesi kabla hazijaleta vurugu, na stebilaiza nayo inaisha. Ikiisha na stoo iko na joto, mzigo unaweza kujiwasha wenyewe. Wataalamu kwa hivyo wanachukua sampuli kila baada ya muda wanapima imebaki kiasi gani, na mzigo uliochoka unaondolewa kabla haujajiondoa.

Kordaiti ya kwanza ilikuwa na vaselini ndani, waliiweka ili ilainishe mtutu, kumbe ndiyo ilikuwa inasaidia kama stebilaiza bila wao kujua. Vaselini! Ile ya kupaka mtoto magoti asubuhi akienda shule.

Akataja meli ya Kiingereza, HMS Vanguard, ilipuka ikiwa imetia nanga Scapa Flow, huko Skotilandi, usiku wa Julai 1917, zaidi ya watu 800 walikufa, na kordaiti iliyoharibika ni kati ya sababu zinazotajwa. Akarudi karibu na nyumbani: Maputo 2007, Mbagala 2009, Gongo la Mboto 2011, Brazzaville 2012. Maghala ya silaha yaliyolipuka katikati ya watu. Hakusema yote ni stebilaiza, alisema tu angalia joto, umri, na nyumba za watu ziko mita ngapi kutoka kwa ukuta. Dada mmoja aliyekaa nyuma yangu ana ndugu Dar, hiyo ya Mbagala alikuwa anaijua, akanyamaza kabisa mpaka lanchi.

Lanchi yenyewe, pilau baridi na kachumbari ya maji. Chai ya saa nne ilifika saa sita kasorobo. Siongezi.

Mchana tukaingia kwa mashine na hapa ndio wanastahili pesa. Ni ile ya kupangusa, ya kutafuta mabaki madogo ya vilipuzi, unachukua kitambaa kidogo, unapitisha kwa zipu ya begi na mikono ya mtu, unaingiza kwa mdomo wa mashine. Ndani inachemshwa iwe mvuke, molekuli zinapewa chaji, zinakimbizwa kwa mrija na umeme, nyepesi zinafika mbele ya nzito na mashine inapima muda kwa milisekunde. Tukapimwa wote kwa zamu, kijani, kijani, kijani, mpaka mama mmoja wa makamo kutoka kampuni ya usafi. Ikalia. Skrini nyekundu, imeandika nitroglisirini.

Nyinyi mnajua vile chumba kinakuwa. Watu walisogea, kweli walisogea, na ni watu tuliokula nao pilau. Huyo mama akashika mkoba wake kwa kifua akisema mimi sina kitu, mimi sina kitu. Afande hakuinua hata sauti. Alimwendea akamuuliza, "Mama, pole, kuna dawa unatumia?" Akafungua mkoba, akatoa kichupa kidogo cha vidonge vya moyo, vile vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Alikuwa ametumia kimoja akipanda ngazi, kwa sababu lifti ya hilo jengo haifanyi kazi.

Ni nitroglisirini ile ile. Madaktari wanaitumia kwa moyo tangu karne ya 19, hata Nobel mwenyewe uzeeni aliandikiwa na daktari, na kwa kidonge iko kidogo sana haiwezi kulipuka hata ukikigonga na nyundo. Mashine haikukosea, kitu kilikuwa kwa mikono yake. Afande akatuambia hata losheni yenye glisirini wakati mwingine inasumbua hizi mashine, kwa hivyo ikilia unauliza, unapima tena, unaita mkubwa, na mtu anabaki na heshima yake. Nilifikiria vile sisi hapo geti tunafanyia watu nikaona aibu kidogo.

Kitu cha kazi nilichobeba: zile risasi ndogo za bunduki ya misumari ya mafundi wa mjengo ni mzigo wa hatari wa daraja la 1, yaani vilipuzi, na tumeshaziona kwa karatasi zimeandikwa "vifaa vya ujenzi" basi. Kuna jamaa aliuliza pia kuhusu eabegi za magari ya Japani, Afande akasema hiyo ni familia nyingine, zile za kampuni ya Takata zilikuwa na amonia naitreti, lakini ugonjwa unafanana, joto na unyevu wa miaka vinaiharibu halafu inaungua haraka kupita kiasi inapasua chuma. Mwenye Vitz kuukuu akatoka nje kupiga simu.

Malalamiko sasa. Noti ni fotokopi ya fotokopi, ukurasa wa nne ni mweusi tu. Cheti changu kimeandikwa jina la baba kwanza na limekosewa herufi, nimewaandikia mara mbili wananijibu "noted". Na mbwa! Notisi ilikuwa na picha ya mbwa wa kunusa, kubwa kuliko maandishi, na nitroglisirini hutoa mvuke kwa hivyo nilitaka kuona vile anaifuata. Tukaambiwa mbwa yuko kazini.

Nawapa nyota tatu na nusu, tatu ni za Afande na nusu ni ya mashine. Ukienda beba chai yako kwa thamosi, na kama una shida ya moyo uliza kwanza kama lifti imetengenezwa. Ya mbwa walisema tutapigiwa simu mwezi unaofuata, turudi bure. Huu ni mwezi wa tatu.