Uzoefu wangu na DORMA TS 83 kwenye jengo la ofisi linalopigwa na upepo wa bahari

Jengo ninalosimamia liko Dar es Salaam, upande unaotazama bahari, na kila msimu wa kusi mlango mkuu ulikuwa unatutesa. Kifunga mlango, yaani kile kifaa kinachourudisha mlango ujifunge wenyewe, kilichowekwa wakati wa ujenzi kilikuwa kidogo mno. Upepo ukivuma, mlango unabaki wazi na ubaridi wa AC wote unaishia barabarani. Upepo ukigeuka, mlango unajibamiza hadi fremu inatikisika. Mwisho kikaanza kuvuja mafuta. Kikishafika hapo hakitengenezeki tena, usimpe fundi hela yako bure.

Tukaweka kifunga kipya, DORMA TS 83. Kilichonivutia ni kwamba nguvu yake inarekebishwa kuanzia namba 3 hadi 6, na hizo namba ndizo za kuuliza dukani kabla ya bei. Kwa kipimo cha Ulaya, EN 1154, namba 3 ni ya mlango usiozidi upana wa milimita 950 na uzito wa kilo 60. Namba 4 ni milimita 1100 na kilo 80. Namba 5 ni milimita 1250 na kilo 100. Mlango ukiwa unapigwa na upepo, panda hadi namba inayofuata. Wetu una upana wa mita moja na ushei, tumeuweka 5.

Raha yenyewe iko kwenye skurubu za kurekebishia. Moja inaongoza mwendo wa mlango unaporudi, nyingine ile hatua ya mwisho ya kuingia kwenye kitasa, na nyingine inauzuia usirushwe na upepo mtu anapoufungua. Zungusha kidogo kidogo, robo mzunguko tu unaona tofauti. Sasa mlango unarudi taratibu, ukikaribia fremu unajisukuma, kitasa kinashika.

Bei yake inauma, sikatai. Na ukiongeza nguvu, mlango unakuwa mzito kufungua; wazee na wanaotumia viti vya magurudumu wanapata taabu, kwa hiyo milango ya ndani tumeiacha kwenye 3.

Ila milango ya ngazi za dharura, nakuomba sana, usinunue kifunga chenye kibanio cha kuuacha wazi, na mawe ya kuzuilia yaondoe leo. Moto ukizuka, mlango ule ukiwa umefungwa ndio unaozuia moshi usijae kwenye ngazi watu wanazokimbilia.