Muziki wa filamu na wa okestra: CD ya mtumba kwanza, santuri ya rangi mwisho

Anayetaka kuanza kukusanya rekodi za muziki wa filamu huuliza moja kwa moja: CD au santuri? Jibu lipo, na hapa chini nimeyapanga machaguo kwa nafasi zake. Lakini kabla ya hilo kuna swali lenye uzito zaidi: rekodi ipi? Muziki wa filamu moja unaweza kuwa umerekodiwa mara mbili au tatu, majalada yakafanana, na muuzaji asijue tofauti wala asijali.

Chukua Hatari!, filamu ya 1962 iliyopigwa Tanganyika, maeneo ya Arusha. Mtunzi wake, Henry Mancini, alipoitolea albamu kupitia lebo (yaani kampuni ya rekodi) ya RCA, hakutoa kilichosikika kwenye filamu. Aliwarudisha wanamuziki studio, wakapiga upya vipande vifupi vyenye mwanzo na mwisho, vya kuchezwa sebuleni. Ndivyo alivyozoea kufanya kwa filamu zake nyingi. Rekodi ya filamu yenyewe ilikaa ghalani hadi 2012, ilipotolewa na Intrada, lebo ya California. Binafsi naichagua ile ya RCA bila kusita, kwa sababu Mancini alijua kupanga albamu. Anayekumbuka namna muziki ulivyofuata wanyama na magari kwenye picha ataiona ya RCA kama imepigwa pasi kupita kiasi.

Koyaanisqatsi, filamu ambayo muziki wake ni wa Philip Glass, ni mtego mkubwa zaidi. Albamu ya 1983 ilipunguzwa ienee kwenye santuri moja, kama dakika 46. Mwaka 1998 lebo ya Nonesuch wakatoa rekodi mpya kabisa, inayozidi dakika 70. Kisha 2009 lebo inayotoa kazi za Glass, Orange Mountain Music, ikatoa muziki wa filamu yenyewe ukiwa kamili. Ukiagiza kwa jina tu bila kutazama mwaka na lebo, unacheza bahati nasibu.

Kuna pia rekodi za upya zinazofanywa na okestra nyingine miongo kadhaa baadaye. Wakusanyaji wengi huzikwepa, na hapo wanapoteza. Tepu nyingi za Hollywood ya zamani ni za mono (sauti ya njia moja, si stirio), zimechakaa au zimetupwa. Katika miaka ya 1970 kondakta Charles Gerhardt na National Philharmonic Orchestra ya London walizirekodi kazi za watunzi wa Hollywood hiyo ya zamani kwa RCA, na hadi leo sauti ya rekodi hizo inawaaibisha wengi wenye vifaa vya kisasa. Miaka ya 1990 lebo ya Varèse Sarabande waliwatumia kondakta Joel McNeely na Royal Scottish National Orchestra kwa kazi za mtunzi Bernard Herrmann za filamu Vertigo na Psycho, na pia kwa Out of Africa ya John Barry, ile iliyopigwa Kenya. Unayotakiwa kukimbia ni mikusanyo ya bei ya kutupa ambayo haitaji okestra wala kondakta. Geuza jalada usome nyuma. Pasipo majina hayo, rudisha.

Sasa nafasi.

Ya kwanza: CD za mtumba

Huko Ulaya na Marekani watu wamezimwaga CD zao, na muziki wa okestra ndio umeshuka bei kuliko aina nyingi. Kanuni ni rahisi: rekodi iliyouzwa sana zamani ndiyo ya bei rahisi leo. Simfoni ya tatu ya Henryk Górecki, iliyotolewa na Nonesuch mwaka 1992 ikiwa na sauti ya Dawn Upshaw na London Sinfonietta chini ya David Zinman, iliuza zaidi ya nakala milioni moja. Kwa mtunzi aliye hai wakati huo, hilo ni jambo la ajabu. Maana yake kwako ni kwamba nakala zake zimejaa kila soko la mtandaoni, na hakuna sababu ya kulipia bei ya mpya.

Kwa muziki huu CD inafaa kuliko kitu kingine chochote. Okestra inaweza kuanza na fidla usizozisikia vizuri, ikaishia na matarumbeta na ngoma zikitikisa madirisha. CD haina mchakacho wa kuziba pale penye ukimya, na inabeba karibu dakika 80, kwa hiyo simfoni nzima inapita bila kuinuka kugeuza kitu. Huhitaji mashine ya kifahari pia. Ile deki ya DVD iliyosahaulika chini ya televisheni inacheza CD. Ukinunua kisomeo cha nje cha USB kwa ajili ya kompyuta, programu ya bure kama Exact Audio Copy itakutolea faili za FLAC zisizopoteza chochote, na albamu nzima ikachukua wastani wa MB 300.

Ukaguzi wa diski ya mtumba usifanywe kwa kuangalia juu juu. Geuza upande unaong'aa, ishike chini ya taa, inamisha taratibu. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni haitishi sana, kwa sababu mashine inaweza kurekebisha pengo dogo. Unaopinda kufuata mzunguko wa diski ndio unaorukisha muziki, maana unafunika data nyingi mfululizo. Kisha inua diski uitazame dhidi ya balbu: vitundu vinavyopitisha mwanga ni mahali pa alumini iliyokwisha kuliwa. Mwisho tazama rangi. Upande wa chini ukiwa wa kijani au zambarau, hiyo imechomwa kwenye kompyuta, haikutoka kiwandani. Na ikiwa rangi ya shaba imeanza kutambaa kutoka ukingoni, soma maandishi madogo karibu na tundu la kati. Kiwanda cha PDO cha Blackburn, Uingereza, kilitengeneza diski kati ya takriban 1988 na 1993 ambazo tabaka lake la juu la kinga halikuhimili salfa iliyomo kwenye karatasi za majalada. Lebo kadhaa za muziki wa klasiki ziliathirika, Hyperion na Unicorn-Kanchana zikiwamo, na hii ya pili ndiyo iliyotoa rekodi alizoziongoza Herrmann mwenyewe. Kwa muuzaji wa mtandaoni, omba picha ya upande wa chini. Akikataa, mwache.

Tatizo letu ni usafiri. CD ya dola nne inakuja na nauli ya kuizidi mara kadhaa, kisha forodha wanakusubiri: ushuru, pamoja na VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania na Uganda. Njia inayotumika ni kununua nyingi kwa muuzaji mmoja, au kuzituma kwa ndugu aliye Leicester au Toronto abebe akija likizo. Mwombe atoe makasha ya plastiki, abaki na diski, kijitabu na karatasi ya nyuma. Kasha ndilo lenye uzito. Diski yenyewe ni gramu 15 au 16 tu. Makasha tupu utayapata huku, na CD 30 zitaingia kwenye mfuko wa pembeni wa begi bila shemeji kulalamikia kilo.

Kwa anayetaka mpya kwa bei ya kawaida, Naxos, lebo iliyoanzia Hong Kong mwaka 1987, ina watunzi wengi wa leo pamoja na mfululizo wa muziki wa filamu za zamani uliopigwa na Moscow Symphony Orchestra. Diski za SACD (aina ya CD yenye sauti ya ubora wa juu zaidi) za lebo ya BIS ya Sweden nazo usiziogope: karibu zote zina tabaka la CD ya kawaida linalochezwa na deki yoyote.

Ya pili: faili za kupakua

Nauli hakuna, forodha hakuna. Maduka ya mtandaoni Bandcamp na Presto Music wanauza FLAC, na mara nyingi kijitabu kinakuja kama PDF. Malipo si kikwazo tena kama zamani. Kwa walioko Kenya, kadi pepe ya M-Pesa GlobalPay inalipa kama Visa nyingine. Kinachokera ni haki za kuuza kwa nchi: albamu unaiona, unaiweka kwenye kapu, halafu unaambiwa haipatikani mahali ulipo.

Usishawishike na faili za biti 24 (za ubora unaozidi CD, ambayo ni biti 16) kama unasikiliza kwa hedifoni za kawaida. Zinamaliza bando, albamu moja inaweza kupita GB moja, na tofauti utaitafuta usiku kucha. Weka nakala mbili, moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski ya nje, kwa sababu duka linaweza kufungwa na umeme wetu tunaujua.

Kama unataka pa kuanzia pasipohitaji maelezo, pakua Calling All Dawns ya Christopher Tin, ya 2009, iliyopigwa na Royal Philharmonic Orchestra. Inafungua na Baba Yetu, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, wimbo uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta Civilization IV na kushinda Grammy mwaka 2011, wa kwanza kutoka kwenye mchezo wa kompyuta kufika hapo. Kwaya ni Soweto Gospel Choir. Kiswahili chao kina lafudhi ya Afrika Kusini, nami sioni ubaya.

Ya tatu: CD mpya za matoleo kamili

Hapa ndipo pesa za wakusanyaji zinapoteketea. Albamu nyingi za miaka ya 1980, hasa zilizorekodiwa Los Angeles, zina dakika 30 hivi. Sababu ilikuwa malipo ya chama cha wanamuziki: kutumia upya rekodi ya filamu kwenye albamu kulidai wapiga ala walipwe tena, na okestra ya watu 90 si mchezo. Masharti yalipolegezwa kwa matoleo ya nakala chache, Intrada, La-La Land, Varèse Sarabande, na huko Ulaya Quartet ya Hispania na Music Box ya Ufaransa, wakaanza kutoa muziki wote, kwa nakala mia kadhaa hadi elfu chache, na vijitabu vilivyoandikwa kwa utafiti.

Ni kazi nzuri. Lakini diski moja huanzia kama dola 20 kabla ya nauli, na neno “nakala chache” limewafanya watu wazima wanunue muziki wasioupenda. Sharti langu: usinunue toleo kamili la kitu ambacho hujasikiliza toleo lake fupi mpaka ukalichoka kwa ufupi wake. Dakika 75 zenye vipande 20 vya sekunde 50 za wasiwasi si starehe. Wakati mwingine zile 30 alizozichagua mtunzi zilitosha. Na tangazo la “zimekwisha” lisikupandishe presha. Matoleo mengi hurudi baada ya miaka michache, na walioyalipia dola 150 hubaki wameshika shavu.

Ya nne: huduma za kusikiliza mtandaoni kwa malipo ya mwezi

Tumia kuonja, si kukusanya. Kwa kulinganisha rekodi mbili za kazi moja kabla ya kutoa pesa, hakuna kinachoishinda. Ila rekodi si zako. ECM, lebo inayotoa kazi za mtunzi Arvo Pärt wa Estonia, ilikuwa nje ya huduma hizi hadi Novemba 2017. Hyperion hadi 2023, baada ya kununuliwa na Universal. Mlango uliofunguliwa na mwenye mali, mwenye mali anaweza kuufunga. Na anayetumia huduma ya bure ajiandae: sehemu ya pili ya simfoni inaisha kwa kunong'ona, halafu tangazo la bia linaingia.

Ya tano: santuri

Najua nitapigiwa kelele. Kwa rumba na benga sina ubishi, santuri ina raha yake. Kwa okestra ina kasoro mbili za kimaumbile. Upande mmoja unabeba dakika 20 na kidogo, hivyo kazi ndefu hukatwa. Na sindano inapokaribia katikati, njia inakuwa fupi kwa kila mzunguko na sauti huanza kukwaruza. Bahati mbaya watunzi hupenda kuweka kishindo mwishoni, palepale. Ongeza joto la Mombasa na Dar es Salaam linalopinda plastiki, na ukungu unaoota kwenye majalada. Santuri mpya za rangi zinazouzwa kwa mashabiki wa filamu mara nyingi hutengenezwa kutokana na faili zilezile za dijitali, kwa bei mara mbili au zaidi ya CD. Ukitaka ya kutundika ukutani, sawa, ni pambo zuri.

Santuri kuukuu ni habari nyingine, kwa sababu zipo rekodi ambazo hazikuwahi kuingia kwenye CD. Vibandani Kenyatta Market, Nairobi, katikati ya soul na Franco, albamu ya filamu hujitokeza mara mojamoja. Itoe kwenye mfuko, ilaze usawa wa jicho uone kama imepinda, kisha tazama weusi wa sentimita mbili za mwisho kabla ya lebo. Pakiwa pamefifia na kuwa kijivu, sindano mbovu imeshapita hapo na kishindo cha mwisho hakipo tena. Ikiwa pamebaki peusi na panang'aa, anza kushusha bei kwa kulalamikia jalada.