Pasi ya makaa kutoka Kamukunji: uzoefu wangu

Stima ikipotea mtaani kwetu Umoja, Nairobi, hupenda kupotea jioni ya Jumapili, sare za watoto zikiwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye kamba. Nilichoka. Nikashuka Kamukunji, kule mafundi wa jua kali wanakogonga karai na masanduku ya shule, nikatoka na pasi ya makaa ya chuma cha kusubu, mpini wa mbao, kikomeo cha umbo la jogoo. Tulianzia 2,500, tukamalizia 1,800.

Ni nzito. Nilipolalamika, muuzaji alicheka: "Mama, uzito ndio unaopiga pasi. Wewe elekeza tu." Kweli kabisa. Kwa kaki na kitenge, pasi yangu ya umeme haioni ndani. Mkunjo wa suruali unakaa mpaka jioni.

Lakini haina kitufe cha kupunguza joto. Unalowesha kidole, unagusa chini haraka, unasikiliza. Ikilia "chsss" kali, subiri. Hariri na poliesta weka kando kabisa. Makaa yawe yameshika vizuri jikoni kabla ya kuyatia, maana yaliyoiva nusu hutoa moshi na cheche. Ukiona moto unazimia, toka nje uibembeze hewani, usipulize juu ya nguo: jivu linaruka kupitia matundu ya pembeni na shati jeupe ndilo linalolipokea. Kabla ya kuanza, telezesha pasi juu ya jani la mgomba. Masizi yanatoka na chuma kinateleza. Mama mboga wangu hunipa jani bure, ingawa ananishangaa.

Nilichopenda zaidi ni kuelewa mambo ya shosho, nyanya yangu, ambayo nilidhani ni ukali tu. Kwake hakuna aliyepiga pasi shati moja asubuhi. Nguo za nyumba nzima zilipangwa kwa foleni, tena zimenyunyiziwa maji: kaki na shuka kwanza moto ukiwa mkali, blauzi nyepesi mwisho makaa yakianza kufifia. Nani atawasha jiko kwa ajili ya kola moja? Sare za shule zilitiwa kwanza wanga wa muhogo, mpaka kaptura zikaweza kusimama bila mtoto ndani. Na alipiga pasi hadi taulo na nguo za ndani! Niliona ni madoido. Kumbe kwenye sehemu za joto kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na buu wake huingia ngozini akaleta jipu. Moto wa pasi huyaua mayai. Shosho alikulia Pwani. Tabia hiyo alipanda nayo gari moshi mpaka Nairobi.

Henry Seely wa New York alipata hataza ya pasi ya umeme mwaka 1882. Huku kwetu, miaka mia moja baadaye, jogoo alikuwa bado ameketi juu ya makaa kwenye nyumba nyingi. Stima ndiyo iliyochelewa.

Kasoro zipo. Makaa si rahisi tena: serikali ilipositisha ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, bei ilipanda, na mkebe mmoja leo unauma. La pili ni zito zaidi: makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaua. Mimi hupigia pasi kwenye roshani, si chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata mvua ikinyesha.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ukienda kununua, fungua na ufunge kifuniko mara kadhaa, kisha uishike kwa mpini uitikise kwa nguvu. Jogoo akilegea, rudisha mezani, chukua nyingine. Hicho kikomeo ndicho kinachozuia makaa yasimwagike miguuni mwako.